Uso wa Aliyeuza kwa Mkopo

Kazi yangu ni kuchora mabango na kuta za maduka. Ukipita Ekerenyo ukaona bucha yenye ng'ombe wa ukutani mwenye uso wa mbwa, ujue ni kazi yangu, na mwenye bucha bado hajanisamehe. Kinyozi mmoja wa Sironga alinilipa nimchoree vijana watatu wenye mitindo mitatu ya nywele. Wateja wakawa wanamwuliza kwa nini ametundika picha tatu za mtu mmoja mgonjwa. Nimekuwa kwenye kazi hii zaidi ya miaka thelathini. Herufi naziweza, tena nazijua mpaka za kivuli. Sura za watu ndizo zilikuwa zinanikataa, na kila zikinikataa nilikuwa nasema mteja hajui sanaa.

Mwaka juzi, miezi michache kabla ya bonasi, mwenye duka mmoja wa soko la Ikonge alinipigia simu.

"Fundi, watu wamenimaliza," akasema.

Nilimwelewa bila maelezo. Kwetu mkulima wa majani chai hulipwa vijisenti kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka inakuja bonasi, na bonasi ndiyo inayotazamiwa kulipa kila kitu, kuanzia karo mpaka mabati mpaka sukari iliyonywewa ikasahaulika. Ile miezi ya mwisho kabla haijaingia, hakuna mtu anayelipa dukani. Mtu anachukua unga wake, anachukua sabuni, anasema neno moja tu, "bonasi," anaondoka kifua mbele. Mwenye duka anaandika. Yule wa Ikonge alikuwa ameandika mpaka daftari la tatu.

"Nataka ile picha ya mnono na mwembamba," akaniambia. "Uichore kubwa, ukuta wa nje, upande wa barabarani. Mtu akutane nayo kabla hajafika kwa kaunta."

Kama umri wako ni kama wangu, unaijua. Zamani kila duka lenye heshima lilikuwa nayo ndani ya fremu, juu ya rafu za chumvi. Wafanyabiashara wawili wako kando kando. Mmoja ana tumbo, ana kiti kizuri, sanduku la chuma liko wazi na pesa zinamwagika, na chini yake imeandikwa kwamba aliuza kwa pesa taslimu. Wa pili amekonda, nguo zimechanika, panya wanamtembelea dukani, karatasi za madeni zimetapakaa miguuni, na chini yake imeandikwa kwamba aliuza kwa mkopo. Nikiwa mtoto niliogopa wale panya kuliko nilivyoogopa jehanamu ya kanisani kwetu.

Tukapatana bei. Akanipa nusu. Nikauliza nusu ya pili nitaipata lini, akaanza kupanga biskuti ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Fundi, nivumilie kidogo tu," akasema. "Mpaka bonasi."

Nikakubali. Na rangi yenyewe nilikuwa nimeichukua kwa muuza vifaa vya ujenzi kule Nyamira, nikamwambia nitamlipa nikishalipwa. Kwa hivyo ile picha ya kuwakataza watu kukopa ilichorwa kwa mkopo, juu ya ukuta wa mtu anayenidai mimi pia kilo mbili za mchele. Wakati huo sikuona kichekesho chochote. Niliona nimepata kazi.

Sasa, kuikumbuka picha ni jambo moja na kuichora ni jingine. Nikaenda Kisii mjini kuitafuta. Maduka mengi siku hizi yametundika kalenda na picha za maporomoko ya maji, lakini nyuma ya soko kuna mama mmoja wa Kiislamu anayeuza leso na vitambaa, na nilijua anayo. Watu wa mume wake walikuja na biashara kutoka mbali, wakaoa hapa, na mama mwenyewe lugha yetu ya Ekegusii anaisema safi kuliko watoto wangu. Picha ilikuwa juu ya mlango wa ghala, kioo kimepasuka kona moja, wadudu wamekula kiatu cha mnono.

"Haiuzwi," akaniambia kabla sijamaliza salamu. Aliona macho yangu yalipokwenda.

"Sitaki kununua, mama. Nataka kuitazama tu, niichore."

"Itazame basi. Kutazama sijaanza kutoza."

Akaniambia babu wa mume wake ndiye aliyeitundika, na kwamba mzee huyo alikopesha watu chini ya picha hiyo hiyo mpaka siku aliyozikwa. Nikamwuliza picha ilikuwa ya nini basi.

"Ya kumtisha mtu kidogo kabla hujampa," akasema. "Ukimpa bila kumtisha anasahau upesi."

Nilisimama pale karibu saa mbili na daftari la shule, nikichora kwa penseli, huku akinipa chai ya tangawizi iliyonichoma koo. Nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba aliyeichora mara ya kwanza, huko ng'ambo, karne nyingine, alikuwa fundi mwenye kisirani. Mnono hakumpenda. Alimpa shingo iliyofurika juu ya kola na macho madogo ya mtu ambaye hajawahi kufikiria jambo lolote zaidi ya chakula cha jioni. Mwembamba ndiye aliyechorwa kwa makini, mkono kwenye paji la uso, kila uzi uliochanika umehesabiwa. Mtu huchora hivyo kitu anachokijua.

Nikiwa nasubiri gari la kurudi nikaingia kwenye simu kutafuta picha nyingine za namna hiyo. Kumbe ziko nyingi, na nyingine ni za zamani kuliko hii kwa mbali. Zilichongwa kwenye mbao au shaba, zikapigwa chapa kwenye karatasi, zikauzwa bei ya chini, zikabandikwa kwenye vilabu vya pombe. Iko moja iliyorudiwa rudiwa na wachoraji wengi. Mkopo mwenyewe amechorwa kama mtu, amelala chini amekufa, na maandishi yanasema walipaji wabaya ndio waliomuua. Wauaji wamesimama hapo hapo juu ya maiti. Mmoja ana chombo cha muziki. Mmoja ana upanga. Wa tatu ameshika brashi.

Nikaikuza kwa vidole viwili nihakikishe. Brashi kweli. Ni mchoraji. Miaka yote hiyo iliyopita, katika nchi ambayo sitaifikia, na walikuwa wameshatujua. Nikaizima simu kwa sababu jirani yangu kwenye foleni alikuwa anachungulia.

Jumatatu nikaanza kazi Ikonge. Mnono alikwenda haraka. Nilimpa tumbo la mwenye duka, akajiona, akafurahi, akaniletea mandazi mawili ambayo baadaye niliyakuta yameandikwa kwenye daftari. Jumanne nikahamia kwa mwembamba, na hapo nikakwama. Yule wa picha ya zamani alikuwa Mzungu mwenye pua ndefu na suruali ya kubana. Nilimchora, nikavuka barabara, nikamtazama kutoka ng'ambo. Hakumtisha mtu. Mama wawili wa ndizi walipita wakasema yule ni mmisionari. Nikampaka rangi juu, nikaanza upya, na safari hii nikasema acha niweke mtu wa kwetu.

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Nimewaambia wengi hivyo. Ukweli ni kwamba nilipofika kwenye sikio nilijua ni sikio la nani, na nikaendelea.

Baba yangu alikuwa na duka pale pale Ikonge, vyumba vinne kutoka hilo nililokuwa nikichora. Sasa ni mahali pa kuchaji simu. Alikopesha kila mtu. Alikopesha mpaka mtu aliyekuja kumdai yeye. Mwaka mmoja bonasi ikaja mbaya, watu wakalipwa hela za kununua mkate, na wote waliosema "bonasi" kwa kifua mbele wakaanza kupita njia ya nyuma ya soko ili wasionane naye. Hakumfuata mtu. Duka likafa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Miaka miwili baadaye karo ya sekondari haikupatikana, nikapelekwa kwa mjomba Kisii kujifunza kuandika mabango.

Kwa miaka mingi nimesimulia, hasa mahali penye watu wasionijua, kwamba kama si madeni yale mimi ningekuwa profesa wa sanaa. Nilikuwa nambari thelathini na nne darasani, na darasa lilikuwa la watu arobaini. Lakini hasira haiulizi nambari. Nilikuwa na hasira na baba yangu, hasira ya chini chini ya mtu anayemletea mzee wake sukari kila mwisho wa mwezi na kuhesabu kilo. Na hiyo Jumanne, nimeshika brashi ya rangi ya kahawia, hasira ikaona ukuta.

Nikampa sikio lake, na shavu lake lililoingia ndani, na ile nyusi moja iliyokatika. Mkono sikuuweka kwenye paji la uso kama wa picha ya zamani. Niliuweka kisogoni, umeshika shingo kwa nyuma, kichwa kimeinama. Nikaongeza panya watano. Nikarudi ng'ambo ya barabara kutazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona nimechora mtu.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Sijawahi kuwa na siku kama ile. Watu walisimama. Watu waliitana. Mama wa ndizi walitua vikapu vyao wakasema kwa sauti moja ni nani, na wakamtaja baba yangu, na wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Miaka thelathini nimekuwa nikiulizwa "hiki ni nini" mbele ya kazi yangu, na leo watu wanaitambua kutoka ng'ambo ya barabara! Nilijinunulia soda. Nilisimama karibu na ukuta nikijifanya nanyoosha herufi, ili mtu yeyote asikose kujua mchoraji ni nani. Mwenye duka akaniambia tangu asubuhi hakuna aliyekopa hata kiberiti. Nikamwambia sanaa ina nguvu.

Mama mmoja mkubwa, wa rika la marehemu mama yangu, hakucheka. Alitazama picha, akanitazama mimi, akasema polepole kwa Ekegusii kwamba nimemvua mzee nguo sokoni. Kwetu neno hilo ni zito. Kati ya baba na mwanawe kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtoto hakai kwenye kitanda cha babake, hamtanii, hamwoni katika hali ambayo baba asingetaka kuonekana, na akiona kwa bahati mbaya anageuka na kukaa kana kwamba hakuona. Nilimjibu yule mama kwamba ni picha tu, ya Wazungu wa zamani. Akabeba kikapu chake akaenda. Nikamalizia soda yangu, lakini haikuwa tamu tena.

Ijumaa mchana nilikuwa Ekerenyo, juu ya ngazi, naandika bango la duka la dawa, dada yangu akapiga simu. Dada yangu ndiye anayeishi na baba.

"Umefanya nini huko sokoni?" akauliza.

"Kwani nini?"

"Mzee ameambiwa mwanawe amemchora ukutani, picha kubwa, watu wote wanaiangalia. Ameniambia nimpigie koti pasi. Kesho kabla ya kanisa atapitia hapo na wenzake wawili waione. Amefurahi sana. Anasema hakujua kama unamfikiria."

Nilishuka ngazi. Sikumbuki nilivyoshuka. Kumbe hawakumwambia ni picha gani. Nani angethubutu kumwambia? Walimwambia tu amechorwa, na mzee wa miaka themanini na kitu akaelewa kama mtu mwema anavyoelewa, kwamba mwanawe amemtukuza.

Nikachukua boda boda. Wanaojua sehemu zetu wanajua shida yangu ilikuwa wapi. Sisi wengi ni Waadventisti, na Sabato inaingia Ijumaa jua linapotua. Baada ya hapo duka limefungwa, brashi imelala, na mtu akionekana juu ya ngazi Jumamosi asubuhi, waumini wote wakipita kwenda kanisani, hiyo itakuwa aibu ya pili juu ya ya kwanza. Nilikuwa na jua lililobaki, basi. Na mvua ilikuwa imenyesha, na yule kijana wa boda boda alikuwa anaendesha kwa unyenyekevu ambao siku nyingine huwa hana.

Mwenye duka alikuwa anateremsha milango ya chuma nilipofika.

"Nataka kubadilisha uso," nikamwambia.

"Uso gani? Uso ni mzuri. Uso ndio unafanya kazi."

"Ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Kila mtu anajua." Akatazama magharibi, upande wa mikaratusi. "Sabato inaingia, fundi. Ukutani kwangu hakuna kazi Sabato."

Nilimsihi. Nilimwambia nimemsamehe nusu iliyobaki, sitaki tena pesa yake. Nadhani hilo ndilo lilimwingia. Akasema jua likigusa mikaratusi nitashuka, nimemaliza sijamaliza.

Mpango wangu ulikuwa wa haraka: nimwekee ndevu, nibadilishe pua, nimrudishe awe Mzungu au awe mtu yeyote. Ndevu zikamfanya afanane na babu yangu, na sasa zikawa aibu za vizazi viwili. Nikazifuta kwa tapentaini. Rangi ya chini haikuwa imekauka vizuri kwa sababu ya mvua, ikaja yote pamoja na kitambaa, jicho, nyusi, shavu, mpaka nikajikuta nafuta uso mzima kwa duara, nikiona mdomo wa baba yangu unavutika kwenda upande na kupotea. Nikasikia mwenye duka anasema imetosha. Nikamwomba dakika tano. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, na mimi nikateremka kwa sababu alikuwa na haki. Nyuma yangu ukutani alibaki mtu mwembamba amekaa kwenye kiboksi kati ya panya watano, mkono kisogoni, na mahali pa uso pana doa jeupe.

Asubuhi nilikuwa pale kabla yao. Nilivaa suti yangu ya harusi za watu. Baba akaja polepole na fimbo yake, koti limenyooshwa, na wale wazee wawili pembeni, na dada yangu nyuma akitazama chini. Akanisalimu, akasimama mbele ya ukuta. Baba yangu anajua kusoma. Alisoma upande wa mnono kwanza, midomo ikitembea. Halafu akasoma upande wa pili. Nilimwona akitazama panya, mmoja baada ya mwingine. Alitazama shati, na suruali iliyokunjwa mguu mmoja kama alivyokuwa akiikunja yeye, na ule mkono akautazama muda mrefu kuliko vyote.

Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa ameanza kusoma bango la kuchaji simu vyumba vinne kutoka hapo, kwa bidii, kama vile ni Maandiko. Sikujua kama aliwahi kukopa kwetu. Nilijua tu kwamba miaka ile alipita sana njia ya nyuma.

"Na uso?" baba akauliza.

"Bado sijamaliza, tata," nikasema. Hilo ndilo lililonitoka. Mtu mzima, wajukuu wawili, nasimama ndani ya suti nadanganya kama mtoto aliyevunja kikombe.

Akatikisa kichwa taratibu. "Kesho nitakuja," akasema. "Utamalizia nikiwapo. Nisikae hapa sokoni bila uso."

Halafu akaenda kanisani. Nami nilikwenda, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Hubiri lilikuwa refu na sikulisikia, nilikuwa natazama kola ya koti lake.

Usiku huo nilipanga maneno ya kumwomba radhi, maneno mazuri, ya Kiswahili cha redio. Jumapili alfajiri niliyasahau yote. Alikuja bila koti, amevaa nguo za shamba na gambuti, akajivutia kreti ya soda, akakaa mbele ya ukuta, akanigeuzia uso.

"Haya," akasema.

Nilichanganya rangi muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwishowe nikamwambia, nikiwa nimempa mgongo, kwamba naweza kumhamisha. Nimfute mnono, nimweke yeye upande ule, kwenye kiti kizuri, na sanduku la pesa.

Alicheka. Alicheka kwa kweli, mpaka fimbo ikaanguka. "Lile tumbo nitalitoa wapi? Watu watasema umenichora nikiwa na mimba." Akafuta macho. "Chora ilivyokuwa. Lakini panya, hapana. Panya walihama mapema. Hapakuwa na cha kula."

Nikawafuta panya, mmoja mmoja. Soko lilikuwa linaanza kuamka. Watu walipita, wakamwona mzee amekaa na picha iko nyuma yangu, wakaelewa, na hakuna aliyecheka. Walikuja kumsalimu kwa mkono, hata wale vijana. Nikaanza uso. Safari hii nilikuwa naye mbele yangu na ilikuwa ngumu mara kumi, kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilipomtazama yeye ilibidi nimtazame vizuri, jambo ambalo nadhani sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Nyusi iliyokatika ilikuwa imeota mvi.

"Ule mkono," akasema baada ya muda. "Umeutoa wapi?"

"Kwenye picha ya zamani, tata. Ndivyo ilivyo."

"Nilikuwa na picha hiyo dukani miaka tisa," akasema. "Mkono wake uko hapa." Akajigusa kwenye paji la uso.

Brashi ilikuwa hewani.

"Mimi sikuwahi kukaa hivyo mbele ya mtu," akasema. "Mbele ya mama yako, hapana. Mbele ya wadai waliokuja kuchukua rafu, hapana. Sasa wewe uliutoa wapi?"

Nikateremka ngazi, kwa sababu jambo kama hilo huwezi kulisema ukiwa juu ya mzazi wako. Nikamwambia. Siku waliyochukua rafu nilitoka shule mapema, nikaingia dukani kwa mlango wa nyuma, nikamkuta amekaa juu ya kiboksi, peke yake, ameinama, mkono umeshika shingo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Hakunisikia. Nikatoka kinyumenyume, nikazunguka mpaka mbele, nikaja nikiimba kwa sauti ya juu ili anisikie kwa mbali, na nilipoingia alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, anatabasamu, akaniuliza shule ilikuwaje.

Baba aliangalia chini kwenye gambuti zake. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwona, na nimekaa na kile nilichokiona karibu miaka arobaini, halafu nikakichora ukubwa wa ukuta ili watu wa soko wacheke.

"Nisamehe, tata," nikasema. Lilikuwa ndilo neno pekee lililobaki. "Nitaufuta mkono."

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Nakumbuka. Nilishangaa, kwa sababu ulikuwa mtoto asiyeimba." Akaiokota fimbo yake. "Na ulikuwa umeshaniona."

"Ndiyo."

"Hukumwambia mtu."

"Sikumwambia mtu."

Mama wa ndizi walikuwa wamefika na vikapu. Mwenye duka alikuwa anafungua milango. Baba alisubiri kelele za chuma ziishe, akainua macho kwenye picha, akaitazama tena kwa utulivu kama mtu anayekagua kazi ya fundi kabla ya kulipa.

"Usiufute," akasema. "Ila umekosea. Ulichora wa kulia. Kulia nilikuwa nimeshika daftari."

Akaupeleka mkono wa kushoto kisogoni, akainamisha kichwa, pale pale mbele ya soko zima, na akakaa hivyo mpaka nilipomaliza.